Namna Ukingoni Ilivyosogezwa Kitovuni

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo asije mtu akaniuliza iko upande gani. Akiona inafanana na anayoijua yeye, hilo ni shauri lake na majirani zake. Iliitwa Dola ya Kitovu. Katikati yake ulikuwapo mji wa Kitovu, katikati ya mji ulikuwapo uwanja, na katikati ya uwanja ilisimama Nguzo ya Shaba. Maili zote za dunia zilihesabiwa kuanzia kwenye nguzo hiyo. Barabara zote zilikwenda Kitovu. Za kutoka Kitovu hazikuwapo. Aliyelazimika kutoka alipita kwenye zile zile za kuingilia, ila ilimpasa aende kinyumenyume mpaka lango lisionekane tena, kwa adabu.

Mtawala wake aliitwa Baba wa Mizani, kwa kuwa alipenda haki. Hata fimbo za kuwachapia wezi zilikuwa na urefu mmoja nchi nzima, na watu wa majimbo ya mbali walisikia fahari kujua kwamba wanachapwa sawasawa na watu wa mjini.

Lakini fahari kubwa kuliko zote ilikuwa Soko Moja. Mtoto wa nchi ile alifundishwa Soko Moja kabla hajajua jina la babu yake. Aliambiwa kwamba zamani, katika siku za ujinga, kila mji ulikuwa na soko lake na njaa yake. Sasa Dola nzima ilikuwa soko moja, na kwa hiyo njaa haikuwa na mahali pa kukaa. Aliyelithibitisha jambo hilo alikuwa Profesa Durusi, mwanachuoni mkuu wa bei, ambaye aligundua Kanuni yake akiwa amelala kwenye hodhi la maji ya moto huku anasuguliwa mgongo. Kanuni ilisema hivi: ngano hushuka bei kwa kila jiwe la maili linaloiacha Nguzo ya Shaba. Kitovuni ngano ni ghali kuliko kote, mbele kidogo ni nafuu, mbele zaidi ni nafuu zaidi, na kwenye jiwe la mwisho kabisa la Dola ni kama bure. Kanuni hiyo ilichongwa kwenye marumaru na kusimamishwa kwenye mlango wa kila soko, na muuzaji aliyekuwa akipita bila kuiinamia alitozwa faini.

Kwenye jiwe la mwisho kabisa palikuwa na mji mmoja mdogo, uitwao Ukingoni. Huko ndiko alikozaliwa Zahoro.

*

Zahoro alikuwa bwana soko wa Ukingoni. Kazi yake ilikuwa kupanda jukwaani kila siku ya soko na kutangaza bei ya ngano kama Kanuni inavyotaka iwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na katika nchi ile woga ndio uliompandisha mtu cheo haraka.

Alikuwa na mama yake, Bi Mwatime, na zaidi ya huyo hakuwa na mtu. Bi Mwatime aliuza uji wa ngano pale pale sokoni, chini ya jukwaa la mwanawe. Kwa uji huo alimlea, akamsomesha, akamnunulia kanzu ya kwanza ya kuombea kazi. Mwanamke mfupi, mwenye mdomo, anayekupimia uji huku anakusema. Zahoro akitangaza bei pale juu, mama yake alikuwa akimsahihisha kwa sauti pale chini, na watu walinunua kwa bei ya mama.

Mtu anaweza kuuliza, je, Ukingoni walinufaika nini na Soko Moja? Walinufaika sana. Askari wa kambi walilipwa sarafu kutoka Kitovu. Kwa sarafu hizo walinunua ngano. Wenye ngano wakazitunza sarafu mpaka alipokuja mtoza kodi, naye akazikusanya zote akazirudisha Kitovu, na mwaka uliofuata wakalipwa askari tena. Zilikuwa sarafu zile zile. Watu walizijua kama wanavyojua mbuzi wao. Moja ilikuwa na alama ya jino la marehemu fulani aliyewahi kuing'ata kuhakikisha kama ni fedha kweli, na kila iliporudi mjini wajukuu zake walikuja kuiamkia. Ngano peke yake ndiyo haikuzunguka. Ikishakwenda, imekwenda.

Mafuta ya zeituni nayo yalitoka Ukingoni kwenda Kitovu ndani ya mitungi mikubwa, na mitungi ikishamiminwa ilivunjwa, kwa kuwa kuirudisha ni usumbufu. Vigae vyake vilirundikwa mpaka vikawa kilima, na wageni walipandishwa juu yake ili waone Dola ilivyostawi. Ukingoni hawakuwa na kilima. Walikuwa na mashimo walikochimba udongo wa mitungi.

*

Basi ukaja mwaka ambao mvua haikunyesha Ukingoni. Mwaka huo huo Kitovu iliandaa sherehe kubwa ya kumshukuru Baba wa Mizani kwa ajili ya Soko Moja, na magari ya ng'ombe yakaja mapema kuliko kawaida, yakabeba ngano yote ya mashambani, na ile iliyozidi ikawekwa katika ghala la serikali, ikafungiwa, ikawekewa askari, mpaka magari yarudi tena.

Bei ikaanza kupanda. Zahoro alipanda jukwaani, akatangaza kwamba ngano ni kama bure. Watu walipiga makofi, maana walilelewa vizuri, kisha wakaenda nyuma ya jukwaa kununua kwa bei yenyewe. Siku ya soko iliyofuata alitangaza tena ni kama bure, wakapiga makofi, na nyuma ya jukwaa hapakuwa na cha kununua.

Bi Mwatime aliupunguza uji unga, akauongeza maji. Baadaye ukawa maji yaliyopitiwa na ngano. Mwishowe alikuwa akija sokoni na chungu kitupu, anakaa mahali pake, anakikoroga. Zahoro alipomwambia arudi nyumbani apumzike, alijibu kwamba akikaa nyumbani ataisikia njaa vizuri zaidi. Miguu yake ilianza kuvimba. Zahoro aliitazama miguu ile usiku na mchana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikasirika mpaka akathubutu kufanya jambo.

Alikwenda ghalani. Ngano ilikuwa imejaa mpaka inachungulia kwenye nyufa za mbao, na panya waliokuwa wakitoka humo walikuwa wanene, wanatembea taratibu. Akamwomba mkuu wa zamu pishi moja tu, akamweleza habari za mama yake. Mkuu wa zamu alimsikiliza kwa huruma. Akamweleza kwamba angempa, tena angempa mbili, lakini hii haikuwa ngano ya Ukingoni. Hii ilikuwa ngano ya Kitovu ambayo kwa sasa iko Ukingoni, na kuila ingekuwa sawa na kwenda Kitovu kumpokonya mtu mkate mdomoni. Zahoro akaona aibu, akaomba radhi, akarudi.

Akapeleka habari Kitovu kwa mjumbe wa farasi. Jibu likarudi lina muhuri wa Profesa Durusi mwenyewe. Lilisema poleni, na kwamba hakuna sababu ya wasiwasi. Palipo na Soko Moja, bei ikipanda mahali, ngano iliyo kwingine husikia, ikaja yenyewe. Kazi ya wananchi ni kutoizuia njiani.

Watu wa Ukingoni wakafurahi. Walifagia barabara, wakaondoa kokoto, wakafunga mbwa, wakatundika vitambaa vyeupe kwenye milango. Kisha wakakaa pembeni kuingoja ngano. Walikaa kimya, wasije wakaishtua. Wale waliokufa wakingoja walikutwa wametazama upande uliotakiwa.

*

Ngano haikuja. Alikuja Profesa Durusi.

Alifika juu ya machela, amebebwa na watu wa kutosha, nyuma yake wapishi wake na mikate yake, maana ilisemekana maji ya majimboni yanamvuruga tumbo na unga wao ndio kabisa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye macho ya kulengwalengwa na machozi. Habari iliyomleta ilikuwa nzito. Kitovu kulikuwa na uvumi kwamba kuna mji mmoja mwishoni mwa Dola ambako ngano imekuwa ghali kuliko Kitovu kwenyewe.

Akaweka baraza sokoni. Akaita watu, akawauliza bei mmoja mmoja. Mmoja alisema aliuza shamba akapata kibaba. Mwingine alisema aliuza mlango wa nyumba. Bi Mwatime alipoulizwa alisema bei haijui, kwa kuwa bei ni ya kitu kilichopo. Profesa alikuwa akitikisa kichwa, na kila jibu lilimchoma. Ilipofika jioni alilia waziwazi mbele za watu, na watu wakamwonea huruma wakamletea maji ya kunawa.

Aliililia Kanuni yake.

Ndani ya hema lake, alimfungulia Zahoro moyo wake. Kuna mambo matatu tu, alisema. Ama Kanuni ina kosa, na hilo haliwezekani kwa kuwa imeshachongwa. Ama watu wa Ukingoni ni waongo, na hapo itabidi wachapwe wote, jambo ambalo yeye binafsi halipendi. La tatu hakulijua. Aliuma kucha zake, akamwambia Zahoro kwamba fimbo zipo njiani.

Hapo ndipo akili ya Zahoro ilipofanya kazi, na laiti ingelala siku ile. Alikumbuka kwamba watu wa Kitovu hupewa mkate bure kila sikukuu, hata awe nani, ilimradi ni mwenyeji wa Kitovu. Alikumbuka ghala. Alikumbuka miguu ya mama yake. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini kwamba Kanuni haina kosa na watu si waongo, ila pengine mawe ya maili ndiyo yaliyokosewa. Kama ngano ya Ukingoni ni ghali kama ya Kitovu, basi kwa mujibu wa Kanuni yenyewe Ukingoni haiwezi kuwa mbali na Kitovu. Itakuwa hapo hapo karibu, na waliosimika mawe zamani hizo walikuwa walevi.

Profesa Durusi aliacha kuuma kucha. Kisha akamkumbatia.

Usiku ule Zahoro alikimbia nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu. Alimwamsha mama yake, akamweleza yote: mawe yatahamishwa, Ukingoni itakuwa Kitovu, wao watakuwa watu wa Kitovu, na watu wa Kitovu hawalali njaa. Ngano iliyomo ghalani ni ya Kitovu, na wao ni wa Kitovu, tatizo liko wapi? Bi Mwatime alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nataka uji, Zahoro," alisema. "Hayo mawe nitayala?"

Akamwambia avumilie kidogo tu, akamfunika vizuri. Alikuwa na furaha ambayo hajapata kuwa nayo.

*

Mawe yakang'olewa. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa Ukingoni wenyewe, kwa kujitolea, na aliyechelewa kujitolea alichapwa. Wakaanzia mjini kwao, askari wakaanzia upande wa Kitovu, mawe yote ya katikati yakasagwa kuwa chokaa ya kujengea sanamu ya Profesa. Likaachwa jiwe la kwanza peke yake, lile linaloonyesha maili moja kutoka Nguzo ya Shaba. Hilo likaletwa kwa heshima zote, likasimikwa kwenye lango la Ukingoni.

Sherehe ilifana. Kila mtu alivishwa shingoni kipande cha udongo wa kuchoma chenye chapa ya mizani, ishara kwamba ni mwenyeji wa Kitovu. Bi Mwatime alivishwa chake akiwa ameketi, kwa sababu kusimama kulimshinda. Akakilamba akidhani ni kitu cha kuliwa, na wenye vyeo wakacheka kwa upendo.

Profesa Durusi akahutubia. "Ndugu zangu wa Kitovu," akasema, na watu wakageuka nyuma kuangalia anasema na nani. "Kwa muda mrefu mmeishi karibu nasi bila kujua. Hakuna tena pembezoni katika Dola hii. Hakuna mbali. Umbali ulikuwa kosa la waashi."

Wakapiga makofi kwa nguvu zilizobaki. Ndipo Zahoro akajitokeza mbele, kifua kimemjaa, akasema kwamba wenyeji wapya wa Kitovu wanashukuru, na wanaomba sasa ghala lifunguliwe wapewe haki yao.

"Naam," akasema Profesa, "mkate wa wenyeji hugawiwa asubuhi ya sikukuu, chini ya Nguzo ya Shaba. Kila mtu na kipande chake, kwa mikono yake. Mnaijua njia. Ni maili moja."

Zahoro alicheka, akidhani ni utani wa wasomi. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

Halafu yakafuata mengine, yakafuatana bila kupumua. Ngano ya ghalani ilitakiwa Kitovuni kwa ajili ya sikukuu hiyo hiyo, ili iokwe mikate, pamoja na mikate yao wenyewe. Lakini sheria ya Kitovu, ambayo sasa iliwahusu, ilikataza magari ya ng'ombe ndani ya maili ya kwanza kwa sababu ya kelele. Kwa hiyo ng'ombe wangetangulia bila mzigo, kwenda kuchinjwa kwa ajili ya karamu, na ngano ingebebwa kichwani. Ingebebwa na nani? Na majirani. Nani anayekataa kubeba mzigo maili moja kwa ajili ya jirani yake?

Zahoro alimshika Profesa pindo la joho, akamwambia kwamba mama yake hawezi kutembea. Profesa alimtazama kwa ule upole wake.

"Mzee wangu, bwana soko, hata mimi mama yangu ni mtu mzima. Maili moja anaitembea kila siku baada ya chakula. Humsaidia tumbo."

*

Wakaondoka, mji mzima. Kila mmoja na mfuko wa ngano kichwani, mdomo wa mfuko umeshonwa na kupigwa lakiri. Bi Mwatime alipewa mfuko mdogo wa ukubwa wa mtoto mchanga. Zahoro aliomba ambebee, akakataliwa, kwa sababu kila mwenyeji wa Kitovu ana haki sawa.

Nyumba za wasafiri zilizokuwa njiani zilikuwa zimefungwa. Katika safari ya maili moja nani analala? Visima navyo vilizibwa ili watu wasijicheleweshe. Ila askari waliokuwa wakiwasindikiza walikuwa na mahema na maji na mkate, kwa kuwa hesabu yao haikubadilishwa; wao bado walitoka mbali, kazini. Jua lilipozama askari walikula na kulala, na watu wa Ukingoni walilala pembeni mwa barabara kwa siri, wakiambizana kwamba wanapumua tu kidogo.

Ngano ilikuwa vichwani mwao usiku na mchana na hawakuionja. Aliyetoboa mfuko alichapwa kwa fimbo ile yenye urefu mmoja nchi nzima. Aliyechapwa mara ya pili hakuinuka, na mfuko wake akaongezewa aliye nyuma yake. Kadiri walivyokwenda watu walipungua na mizigo haikupungua.

Bi Mwatime alitembea. Sijui alitembeaje na miguu ile, lakini alitembea, ameshika nguo ya mwanawe kwa nyuma, na mdomo haukumwisha. Aliwasema askari, aliusema mfuko, aliwasema waliojenga barabara ndefu namna hii. Aliyemwacha bila kumsema alikuwa Zahoro peke yake, na Zahoro angetoa chochote asemwe.

"Tumefika wapi?" alimwuliza siku moja.

Zahoro akatazama kando ya barabara. Hakukuwa na jiwe. Palibaki mashimo tu, kila baada ya mwendo shimo, na hayakuandikwa kitu.

"Karibu, mama."

"Na jana ulisema hivyo," alisema, akakaa chini.

Aliuweka ule mfuko mapajani, akaukumbatia, akawa anaupapasa kwa vidole ile sehemu iliyoshonwa, polepole, kama anatafuta mwanzo wa uzi. Zahoro alipiga magoti mbele yake, akamwambia ataiiba ngano kwa ajili yake, potelea mbali, wamchape. Akauma ule uzi kwa meno, ukakataa kukatika. Alipoinua kichwa, vidole vya mama yake vilikuwa vimeacha kupapasa.

Akalia. Alilia kwa sauti kubwa kama mtoto, akimwita, na watu wakapita pembeni yake na mifuko yao kwa kuwa hawakuwa na nguvu za kusimama.

Askari alikuja. Jambo la kwanza alilofanya ni kumfungua maiti mdomo na kupitisha kidole ndani, kutafuta punje. Hakuona kitu. Akaukagua mfuko, akaona lakiri ni nzima, akasema kwa heshima kwamba huyu mama alikuwa mwaminifu, na angefurahi kama wote wangekuwa hivi. Kisha akauweka ule mfuko mdogo juu ya mfuko wa Zahoro.

Zahoro akaomba ruhusa achimbe kaburi. Askari akasikitika. Sheria ya Kitovu haikuruhusu kuzika mtu ndani ya maili ya kwanza, kwa sababu ya afya za wakazi. Basi Zahoro akavua shuka lake, akamfunika pale pale barabarani, akamvua kile kipande cha udongo shingoni, akakivaa pamoja na chake. Alitembea kifua wazi sehemu yote iliyobaki, jua likambabua mabega.

*

Wachache waliofika walifika asubuhi ya sikukuu yenyewe. Kitovu ilikuwa imepambwa. Watu wake walikuwa wanene, wachangamfu, wakawapigia makofi wageni wao, wakawatupia maua vichwani juu ya mifuko. Ngano ilipomiminwa kwenye vinu vya kusagia, bei ya ngano ya mji mzima ilishuka siku ile ile, na Profesa Durusi alibebwa juu kwa juu kuizunguka Nguzo ya Shaba, maana Soko Moja lilikuwa limethibitika mbele ya macho ya wote.

Zahoro alipanga foleni kwenye dirisha la mikate. Harufu yake ilikuwa ikimpiga usoni mpaka akayumba. Zamu yake ilipofika aliweka vipande viwili juu ya ubao. Karani aliyekuwa dirishani, kijana msafi mwenye sauti nzuri, akauliza cha pili ni cha nani.

Akasema ni cha mama yake, na kwamba mama yake amefia njiani.

Karani akamwuliza njia ipi. Zahoro akaeleza. Karani akamsahihisha kwa upole kwamba mtu hawezi kufia mahali ambapo hapapo. Kutoka kwao mpaka hapa ni maili moja, na maili hiyo yeye mwenyewe huitembea kila asubuhi na hajaona maiti. Lakini alikuwa kijana mwema na foleni ilikuwa ndefu, akainama, akamweleza utaratibu. Kipande cha marehemu hurudishwa, uchunguzi hufanyika, na mikate ya ukoo mzima husimama mpaka uchunguzi uishe. Kwa kipande cha mtu aliye njiani, anayekuja, mkate hutolewa palepale, akapewa ndugu yake amshikie.

"Sasa niambie vizuri," akasema. "Amekufa au anakuja?"

Kabla Zahoro hajajibu, Profesa Durusi alimwona kutoka juu ya mabega ya watu. Alifurahi kwelikweli. Akaagiza apandishwe jukwaani chini ya Nguzo, karani naye akaitwa na mikate miwili mkononi, umati ukanyamazishwa. Profesa akaueleza umati kwamba huyu ndiye bwana soko wa Ukingoni, mtu aliyeona kwa macho yake ambacho wanachuoni hawakukiona, na kwamba wako wakorofi mjini humu wanaodai Ukingoni ni mbali. Akamwomba aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, alivyoiona safari.

Zahoro alitazama ule umati. Akaitazama mikate.

"Ni karibu," akasema.

Makofi. Karani akasogea, akauliza kwa sauti ili watu wasikie, na mama je?

"Mama yangu yuko nyuma kidogo. Anakuja."

Uwanja mzima ukashangilia. Wengine waligeuka kutazama langoni, na mwanamke mmoja wa mbele, mama mtu mzima mwenye mkufu wa dhahabu, akajiinua kwenye vidole vya miguu ili amwone akiingia. Karani akamkabidhi Zahoro mikate yote miwili. Ilikuwa ya moto. Akaanza na ule wa mama yake, akaumega kwa mikono miwili, akajaza mdomo kabla hajameza tonge la kwanza, makombo yakimwanguka kifuani.

Yule mwanamke mwenye mkufu alimtazama akila, akamsikitikia.

"Mbakizie mama yako, baba," akamwambia.

Zahoro akatikisa kichwa kwamba amesikia, akaumaliza.